Maji ya Ella

Inamahoro ni mtoto wa marehemu dada yangu. Alikuja kukaa kwangu Mwandiga mwaka 2015, watu walipomiminika tena kutoka Burundi. Meli ya Liemba ilimtoa Kagunga, kijiji cha mpakani, ikamshusha Kigoma, na nilimkuta uwanja wa mpira, ameegemea ukuta, miguu kainyoosha, mapajani ana kanga iliyokunjwa vizuri kama bado iko dukani. Nilimtambua kwa paji la uso. Nilipomwita jina aliniangalia kwa muda mrefu, halafu akaniuliza kwa Kirundi kama nina maji.

Nilikuwa na chupa moja. Nikampa. Hakunywa. Aliifunika kwa ile kanga, akaipakata.

Kanga ile ilikuwa ya kumbebea Ella, binti yake. Ella alikuwa ndiyo kwanza anatembea, maneno yake hayajafika kumi. Baba yake alifariki mapema, Ella hata meno hajaota. Sasa Kagunga ni kijiji chembamba, mlima nyuma, ziwa mbele, na majuma yale kilijaa watu mpaka mchanga haukuonekana. Maji yalikuwa pale pale miguuni mwao, mengi kuliko macho yanavyoweza kufika, ila humo humo walifua, humo humo waliogea, na humo humo walichota ya kunywa. Kipindupindu kikaingia. Ella aliumwa asubuhi, akawa anasema neno moja tu, amazi, amazi, yaani maji, na kila alichonyweshwa hakikukaa tumboni. Kabla jua halijazama wakaja watu wa afya wenye glovu, wakamchukua, wakamzika upande wa mlimani haraka, kama walivyolazimika kwa wote. Mama yake hakumwogesha.

Haya alinieleza mara moja, siku ile ile, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. Hakurudia tena, na mimi sikumuuliza.

Mimi mwenyewe nilivuka mwaka 1993, bado msichana, nikaolewa na Pastory, Muha wa hapa hapa, mkulima wa michikichi. Kwa hiyo najua kidogo mtu anavyokuwa akishafika mahali salama. Mwili unafika, yaliyomo ndani yake yanakuja polepole. Kanisa letu lilitusaidia kuomba serikalini, Inamahoro akapewa ruhusa ya kukaa kwangu mpaka apate nguvu. Nikampa chumba cha kijana wetu Gideon, aliyekuwa anafanya kazi Tabora.

Kiangazi kilikuwa kimeanza. Bomba letu la mtaa lilitoa maji siku lilipopenda, na siku hiyo ikifika Inamahoro alikuwa wa kwanza pale na wa mwisho kuondoka. Mwanzoni nilifurahi. Nilidhani amepata kitu cha kumwondoa chumbani. Alijaza madumu, akajaza ndoo, akajaza sufuria ninazotumia sikukuu. Alipomaliza hivyo akaanza na vikombe. Kisha chupa za soda, makopo ya rangi, hata kibakuli cha kulishia kuku. Alivipanga chumbani mwake kando ya ukuta, halafu sebuleni, halafu chini ya dirisha la jikoni. Hakufunika. Nilipomuuliza kwa nini hafuniki alisema lazima mtu aweze kuyaona.

Na tone halikumwagika. Nikiosha mchele, yale maji meupe aliyapokea kabla sijageuka. Nikinawa mikono, aliweka beseni chini. Lakini hakuyatumia. Yote yalikwenda kwenye chombo chake, yakakaa.

Nyumba yetu haina dari, ni mabati tu juu ya mbao. Mchana jua likiingia madirishani lilipiga kwenye vyombo vile, na mwanga ukapanda, ukacheza kwenye kuta na chini ya mabati, mawimbi madogo ya dhahabu yasiyotulia. Ukiweka mguu vibaya nyumba nzima ilitetemeka. Nitasema kweli, ilikuwa nzuri. Nje kila kitu kilikuwa na rangi ya vumbi, moshi wa nyasi zilizochomwa umefunika vilima, michikichi imesimama kimya kama inasikiliza, na sisi ndani tulikuwa tunaishi kwenye mwanga wa maji. Mchana mmoja nililala kidogo juu ya mkeka nikaota nyumba iko chini kabisa ya ziwa. Samaki aina ya migebuka walipita dirishani wakiwa wamejipanga, na Pastory alikuwa anakunywa chai mezani, wala hakushangaa. Nilipoamka Inamahoro alikuwa amekaa sakafuni karibu yangu, anatazama ukuta.

"Umelala vizuri, mama mdogo," akasema.

"Na wewe ungelala kidogo."

"Mtu akilala anaweza asisikie akiitwa."

Pastory ni mtu mvumilivu. Alijifunza kupita sebuleni kwa kunyanyua miguu kama korongo. Alijifunza kunywa chai yake kwenye bakuli, kwa sababu kikombe chake kilikuwa na maji ya watu wengine. Lakini siku moja aliniita chumbani kwa Gideon, Inamahoro akiwa bombani, akanionyesha beseni kubwa lililokuwa chini ya kitanda. Maji yalikuwa yameanza utelezi, na ndani yake viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinapanda na kushuka, vinapanda na kushuka.

"Mama Gideon," akasema, "tutaumwa malaria nyumba nzima. Na huyu dhaifu ndiye ataanza."

"Niachie niongee naye."

"Umeongea naye mwezi mzima."

Hakusema kwa ukali. Akainama, akanyanyua beseni lile moja, akatoka nalo uani na kulimwaga kwenye njia. Hakugusa lingine. Bahati mbaya Inamahoro alikuwa anaingia uani wakati ule ule, dumu kichwani.

Hakulia. Alitua dumu, akapiga magoti pale njiani, akaweka viganja viwili juu ya vumbi lililolowa. Maji yalikuwa yameshazama. Alikaa hivyo mpaka vumbi likakauka chini ya mikono yake. Jirani yetu Devota, aliyekuwa anatwanga muhogo upande wa pili wa uzio, aliacha kutwanga.

"Yalikuwa yameharibika, mwanangu," Pastory akamwambia. "Yalikuwa na wadudu."

"Ndiyo, baba mdogo," akajibu kwa adabu. "Yalikuwa ya Ella."

Pastory alikaa kwenye kigoda na chakula cha jioni kikampita.

Asubuhi yake nilipokwenda kumwamsha kitanda kilikuwa kimetandikwa. Vyombo vyote vilikuwa mahali pake, isipokuwa dumu jipya la njano, ambalo jioni alilijaza maji aliyoyachemsha. Na kanga haikuwepo. Nilijua amekwenda wapi kama vile ameniaga. Boti za Kagunga huondokea Kibirizi. Nikamwambia Pastory.

"Nenda," akasema. "Ukimkuta usimrudishe kwa nguvu. Na akitaka kwenda mbele, nenda naye. Nitajipikia."

Nilimkuta ufukweni Kibirizi kati ya watu wenye magunia na vikapu vya nyanya. Alikuwa amesimama mbali kidogo na maji, dumu limelazwa miguuni. Boti ilikuwa inapakia. Watu walimpita, akawapisha, wengine wakampita, akawapisha. Nikaelewa kwamba amesimama hivyo tangu alfajiri na miguu imemkatalia.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Unampelekea?"

"Sikumwogesha," akasema. "Kila siku nakusanya, nasema kesho yatatosha. Baba mdogo alipomwaga nikaona kwamba yanaweza kuisha kabla sijapeleka."

"Haya. Mimi nitabeba dumu. Wewe beba mkono wangu."

Ndivyo tulivyopanda. Alifumba macho mpaka mashine ilipowaka na ufuko ukawa nyuma. Siku ile ziwa lilikuwa limelala kabisa. Moshi wa kiangazi ulikuwa umefuta milima ya Kongo, na hakukuwa na mstari kati ya maji na mbingu, kila upande weupe ule ule, kiasi kwamba boti ilikuwa kama imening'inia. Watu walizungumza kwa sauti ndogo bila kuambiwa. Tulipopita chini ya misitu ya Gombe nyani walikuwa wamekaa kwenye kokoto, wanatuangalia tukienda, mmoja amempakata mtoto wake. Inamahoro alikuwa amefumbua macho. Aliwatazama mpaka tukakata kona.

"Siku ile sikuona kitu," akasema. "Tulipoletwa na meli. Sikujua kama kuna miti huku."

Tulifika Kagunga jua linaelekea upande wa Kongo. Kijiji kilikuwa kimerudia udogo wake. Mchanga uliokuwa umebeba maelfu sasa ulikuwa umetandazwa dagaa, wanang'aa kama mtu amevunja kioo. Mwanamke mmoja mnene alikuwa anawageuza kwa ufagio. Jina lake Regina. Nilimsalimia, nikamweleza tunamtafuta mtoto. Hakuuliza mtoto gani. Alitazama kanga, akatazama dumu, akaweka ufagio chini.

"Wako upande ule, juu ya njia," akasema. "Tumepaacha. Hatuaniki dagaa pale, na mbuzi tunawafukuza. Lakini leo mmechoka. Mtalala kwangu, asubuhi nitawapeleka."

Akatupa ugali wa muhogo na dagaa wa mawese, akatutandikia. Inamahoro alikula. Niliona, nikageuza uso asijue kwamba nimeona.

Asubuhi Kagunga hukaa kivulini muda mrefu, kwa sababu jua lazima kwanza lipande mlima. Regina alitupeleka mpaka kwenye vilima vidogo vidogo vya udongo, vingine vina mawe, vingine vina msalaba wa miti, kisha akarudi nyuma kidogo akasimama. Inamahoro alipita katikati yao kwa utulivu kama mtu anayepita kati ya watoto waliolala. Akasimama penye mawe matatu meupe.

"Niliyaweka mimi," akasema. "Sikujua kama niliyaweka kweli au niliota."

Akatandika kanga kando, akachuchumaa. Mimi nilishika dumu nikawa naliinamisha, yeye akipokea kwa kiganja. Alianza upande wa kichwa. Akaja nyuma ya masikio, akaja shingoni, kwapani, kwenye mikunjo ya mapaja ambako watoto hupata vipele. Alikuwa anaongea kwa Kirundi, chini chini, mambo ya kawaida tu. Geuka kidogo. Lete mkono. Sabuni haitaingia machoni, mwana wanje, mwanangu. Alimwogesha mpaka kwenye vidole vya miguu, kimoja kimoja. Udongo ulikuwa umekauka miezi yote ile, ukawa unayapokea bila sauti, na pale alipopitisha mkono pakabaki umbo jeusi lenye urefu wa mtoto.

Tulikaa. Jua likatokeza juu ya mlima, likashuka mteremko polepole, likafika kwenye umbo lile. Likaanza kukauka pembeni, likapungua, likawa dogo. Niliogopa. Nilidhani likiisha atapiga magoti tena kama kule uani. Lakini yeye aliweka kiganja juu ya udongo, akakiacha pale muda mrefu, kisha akaninong'oneza.

"Yamekaa, mama mdogo. Safari hii yamekaa."

Wakati wa kushuka dumu bado lilikuwa na maji kama nusu. Tulipofika kwa Regina, Inamahoro aliona nyuma ya jiko lake kitalu kidogo cha mchicha, ule tunaouita lengalenga, umesinyaa kwa jua. Akamsogezea dumu.

"Mama, chukua. Mwagilia mchicha."

Regina alicheka mpaka akashika kiuno. "Ziwa lote hili, unaniletea maji kutoka Mwandiga?"

Inamahoro naye akacheka. Kidogo, kama mtu anayekohoa. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti hiyo, na ilikuwa ya dada yangu.

Tulirudi na boti ya siku ile. Tulipofika nyumbani Pastory alikuwa ameunguza sufuria mbili na hakuna chombo kimoja cha maji alichokigusa. Inamahoro alimpigia magoti akamsalimia, kisha akasema, "Baba mdogo, naomba jembe."

Nyuma ya jiko tulikuwa na kipande cha ardhi ambacho mimi nilikisahau kila kiangazi, ngumu kama sakafu. Akakichimba. Haikuwa kazi ya siku moja. Alichanganya majivu ya jikoni na samadi ya mbuzi wa Devota, akatengeneza matuta yenye kingo, kama sahani, ili maji yakiingia yasikimbie, akapanda miche na mbegu. Halafu akaenda ndani, akarudi na chombo cha kwanza, kile chenye viluwiluwi vingi kuliko vyote. Alisimama nacho. Pastory na mimi tulijifanya tunachambua maharage.

Akainama, akamwaga kwa kopo, kopo kwa kopo, kwenye shina la mche wa nyanya. Akasubiri. Akaweka mkono kwenye udongo. Kisha akarudi kuchukua kingine.

Hivyo ndivyo nyumba ilivyoanza kukauka. Kila asubuhi kabla ya jua, na kila jioni likishalegea, chombo kimoja au viwili vilitoka. Mwanga kwenye kuta ukawa unapungua. Wimbi likatoweka chumbani kwa Gideon, kisha sebuleni, na siku moja Pastory akapata kikombe chake, akakitazama ndani kana kwamba kuna mtu. Nilishangaa nilivyoukosa ule mwanga. Bado naukosa mara nyingine.

Lakini Inamahoro hakuacha kutunza maji, alibadili tu namna ya kuyatunza. Kwetu maji yakawa na safari. Yaliyoosha mchele yaliosha mboga, yaliyoosha mboga yalikwenda kwenye matuta. Ya kuoshea vyombo aliyaacha yatulie, mafuta yakapanda juu, akayaengua, akayapeleka kwenye ndizi, kwa sababu ndizi haichagui. Ya sabuni nyingi tuliyarusha njiani vumbi lisitimke. Zile chupa za soda alizitoboa kwa msumari wa moto, akazizika karibu na mizizi ya nyanya shingo zikiwa juu, akazijaza. Zikawa zinatoa jasho lao taratibu mchana kutwa. Udongo aliufunika kwa nyasi kavu. Ukiinua nyasi saa sita, kila kitu nje kikiwa kimeungua, chini yake palikuwa na ubaridi na harufu ya mvua.

"Nani alikufundisha?" nilimuuliza.

"Bibi, kule kwetu. Alikuwa anasema udongo uvishwe kama mtu." Akafikiri. "Nilikuwa nimemsahau bibi."

Devota alikuwa na desturi ya kumwaga maji yake ya vyombo barabarani, anayarusha mbali, kishindo. Asubuhi moja sikusikia kishindo. Nilipochungulia nikamwona amesimama kwenye uzio, beseni mikononi, kama mtu aliyekuja kuomba.

"Haya ya kwangu nayo yanafaa?" akauliza. "Nimeoshea vyombo vya ugali tu, sabuni hakuna."

"Yanafaa sana, mama. Lete."

"Mtoto alikuwa anaitwa nani?"

Nilishtuka. Miezi yote hiyo hakuna jirani aliyethubutu.

"Ella," Inamahoro akajibu.

"Basi pokea, Mama Ella."

Akapokea. Tangu hapo mtaa wote wakamwita hivyo, na waliokuja na mabeseni yao jioni walikuja vilevile na habari zao, wakakaa kwenye kingo za matuta wakiongea wakati udongo unakunywa. Mwezi wa tisa, Mwandiga nzima ikiwa ya rangi ya kahawia, nyuma ya jiko letu palikuwa na lengalenga, nyanya, na bilinganya zinazong'aa kama zimepakwa mawese. Tulikula, tukawapa waliomwagilia. Na Inamahoro alianza kulala mchana. Nilikuwa nampita kwenye mkeka kwa ncha za vidole.

Mvua zilipokaribia Pastory alifunga mfereji wa bati kwenye ukingo wa paa, chini akaweka pipa lenye mfuniko, akaliegesha juu ya matofali. Alikuwa anajivunia pipa lile kama mtu aliyenunua ng'ombe. Kila wingu likipita alitoka uani kulitazama.

Mvua ilikuja mchana, kutoka upande wa ziwa. Kwanza michikichi ilianza kupumua, halafu ukuta wa kijivu ukapanda bonde, halafu hatukusikiana tena kwa kelele za mabati. Tulisimama mlangoni sisi watatu. Mfereji ulikohoa, ukatapika majani na vumbi la miezi, kisha maji yakatoka safi, mazito, yakaingia kwenye pipa. Likajaa haraka kuliko tulivyodhani. Likaanza kufurika.

Pastory alimgeukia Inamahoro. Nilijua anachoogopa, kwa sababu na mimi nilikuwa nakiogopa hicho hicho.

"Nilete ndoo?" akamuuliza kwa sauti kubwa juu ya mvua. "Nilete masufuria?"

Inamahoro alikuwa anatazama maji yanavyoruka ukingo wa pipa, yanavyotafuta njia kati ya matofali, yanavyoshuka kuelekea mtaani pamoja na majani makavu na unyoya mmoja wa kuku.

"Hapana, baba mdogo," akasema. "Pipa linatutosha. Mengine yaache yaende."

Akatazama kidogo tena, kisha akaingia ndani kuchochea moto, maana tulikuwa bado hatujala.